Nilisoma Kiingereza Kizito Ili Nimtolee Uvivu Mkwe Wangu

"Genia, umeacha Ukatoliki?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza jirani yangu Czesława, mchana kweupe, kapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa upande wake wa ua, kidevu kakiegemeza kwenye uzio.

Nilikuwa nimekaa kibarazani, rozari mkononi, midomo inakwenda.

Ila haikuwa Salamu Maria.

Czesława ana masikio ya popo. Alikuwa kanisikiliza kwa siku kadhaa, akanisikia kila punje ya rozari naitolea neno geni, nalirudia rudia, kisha nahamia punje inayofuata. Akahitimisha mwenyewe kwamba mimi, Genowefa, nimeingia dhehebu jingine. Habari ikaenda dukani, ikaenda zahanati, na Jumapili padri akanishika mkono mlangoni mwa kanisa akaniuliza kwa upole kama nina jambo la kumwambia.

Nikamwambia ninalo. Najifunza Kiingereza, padri.

Akacheka. Akauliza kama nataka kwenda kumsalimia binti yangu Dorota kule Uingereza.

Nikasema hapana. Nataka kumsema mume wake.

Kicheko kikakatika.

Sasa ngoja nikueleze nilivyofika hapo, maana mimi si mtu wa ugomvi. Nimesoma shule ya msingi tu. Nikaingia kiwanda cha maziwa, nikaolewa na Zenon, nikamzika Zenon. Nasali, nafuga kuku, nalima bitiruti. Mji wetu uko mashariki kabisa mwa Poland, karibu na mpaka, na vijana wake wote walishapanda basi la kwenda Uingereza.

Dorota ni mtoto wangu wa pekee. Alimzaa Jagoda akiwa nyumbani kwangu, na baba wa mtoto akayeyuka hata kabla ya ubatizo. Sikumsema. Nililea mimba, nikalea mtoto.

Jagoda alipoanza kutembea, Dorota akaniaga. Anakwenda kufanya kazi kwenye maghala ya Waingereza, akipata chumba atarudi kumchukua mwanawe.

Mtaani kwetu hilo si jambo la kushangaza. Ng'ambo ya barabara kuna babu analea mjukuu, nyuma yangu kuna bibi analea wawili. Wazazi wako kule, watoto wako huku, wanakuzwa kwa simu.

Chumba kikapatikana. Ikaja nyumba. Kisha akaja mume, Mwingereza, jina lake Gareth, fundi wa lifti.

Jagoda hakuchukuliwa.

Nilipouliza kulikoni, Dorota akalia kwenye simu. Akasema Gareth hataki. Kasema hawezi kulea mtoto wa mwanaume mwingine, na akisikia tu jina la Jagoda nyumba inawaka moto.

Nikaelewa basi kwa nini anapiga simu akiwa garini tu, taa ya maegesho ikimmulika utosini. Nikaelewa kwa nini kila Krismasi anakuja peke yake na kibegi, analala kidogo, anaondoka.

Na kila Desemba Jagoda alikuwa akipanga begi lake. Soksi, mswaki, sungura wake wa kitambaa. Mama yake akishaondoka, analipangua mwenyewe na kurudisha kila kitu mahali pake.

Halii. Ndicho kilichokuwa kinanimaliza. Angelia ningembembeleza.

Mimi nikawa nachemka peke yangu jikoni, nakatakata kabichi kana kwamba kabichi ndiyo Gareth.

Sasa Pasaka ya mwaka huo Dorota akapiga simu na jipya. Krismasi inayokuja Gareth naye anakuja. Kang'ang'ania mwenyewe, kasema ni aibu kuoa mtu bila kuona kwao.

Nikasema vizuri, aje.

 Kisha akaniomba nimzoeze Jagoda amwite kwa jina, Dorota, sio mama. Eti kule Uingereza siku hizi ndiyo mtindo. Na pia Gareth asije akakasirika mezani mbele za watu.

Nilisikia damu ikinipanda mpaka kwenye meno.

Mtoto azuiwe kumwita mama yake mama. Ndani ya nyumba yangu. Siku ya kuzaliwa kwa Bwana.

Nikamjibu sawa, nikakata simu, nikaenda kusimama kwa kuku mpaka pumzi ikarudi. Hapo ndipo nilipoamua kwamba mwanaume yule atanisikia. Na hatanisikia kwa mdomo wa Dorota, kwa sababu Dorota angelipaka asali kila neno. Atanisikia kwa lugha yake.

Kiingereza cha kuanzia nilikuwa nacho kidogo. Maktaba yetu ilikuwa na darasa la wazee, na mwalimu wetu alikuwa Walenty, aliyefundisha Kirusi maisha yake yote mpaka serikali ilipokiondoa Kirusi shuleni. Akajifunza Kiingereza likizo moja, akaendelea kufundisha, ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi wake. Kwake nilikuwa nimeshajua kununua mkate, kuuliza njia na kusema mvua inanyesha.

Nikamfuata baada ya kipindi, nikamwambia nataka maneno mazito.

"Ya kusemea nini hasa, Mama Genowefa?"

"Ya kumsema mtu asiye na huruma."

"Mkatili. Hilo tulishajifunza."

"Hilo jepesi, mwalimu. Hilo hata mtoto wa chekechea anamwambia mwenzake aliyemnyang'anya mdoli. Nataka la mtu mzima aliyejua anachokifanya."

Walenty akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Hakuniuliza ni nani.

Akanifungulia siri ya kimombo ambayo mpaka leo namshukuru. Alisema Waingereza wana makabati mawili ya maneno. Moja la jikoni, maneno mafupi mafupi. Jingine la mahakamani na kanisani, maneno marefu, na hayo yalitoka kwenye Kilatini. Waingereza wenyewe wanayaogopa. Lakini Mpolandi hana sababu ya kuyaogopa, kwa maana nusu ya hayo ni ndugu zake.

Ikawa kweli. Bibi yangu mzaa mama aliimba Misa ya Kilatini mpaka anakufa, na mimi utotoni nilikuwa nalala mapajani mwake nikimsikiliza. Yale maneno marefu yalikuja kwangu kama wageni ninaowafahamu sura. Walenty alinionya tu kwamba wengine wanafanana na ndugu zetu na si ndugu, kwa hiyo kila linalonichekea mlangoni niliulize kwanza linatoka wapi.

Yaliyonitesa ni yale mafupi. Unakishika kitenzi, unakijua, unakipenda. Mwingereza anakibandika kimkia kidogo nyuma, maana inageuka. Anabadilisha kimkia, inageuka tena. Na kuna vile vijineno wanavyovitanguliza mbele ya kila kitu, sisi hatuna, mpaka leo naviweka kwa kubahatisha kama chumvi.

Halafu kuna ile sauti ya kuweka ulimi katikati ya meno. Nilikuwa naifanyia mazoezi uani, na Czesława akawaambia watu nimepata kiharusi.

Ila maneno mazito yaliingia, kwa rozari. Mikono yangu haijui kusoma kwa njia nyingine. Kila punje neno, na kwenye kila fungu aina yake. Fungu la kumtelekeza uliyepaswa kumtunza. Fungu la ahadi iliyovunjwa kwa makusudi. Fungu la moyo ulioota gamba. La lawama isiyofutika. La aibu. Nikimaliza, namwomba radhi Mama wa Mungu, halafu nasali rozari yenyewe.

Kiangazi kikapita hivyo. Bitiruti zikavunwa. Mpaka theluji ya kwanza inaanguka nilikuwa na silaha kamili, na nilikuwa na hasira ambayo haikupoa hata siku moja.

Wakaja.

Gareth alikuwa mrefu, masikio makubwa, upara unamnyemelea. Akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango wangu, akacheka mwenyewe. Kisha akainama akanibusu mkono kama wazee wetu wa zamani, sijui nani alimfundisha.

Nikauacha mkono wangu ubaki kama kipande cha kuni.

Alikuwa kamletea Jagoda boksi kubwa la rangi za kuchorea, na brashi za kila aina. Akachuchumaa sakafuni amwonyeshe jinsi ya kuchanganya rangi. Wewe ungesema mtu mwema. Mimi nikaona dharau. Mtoto anamnyima nyumba, anamhonga rangi.

Dorota hakutupa nafasi. Popote Gareth alipokuwa, naye yupo katikati, anatafsiri haraka haraka. Lakini mimi macho ninayo. Gareth anazungumza kirefu, Dorota ananiletea kifupi, "Anasema nyumba nzuri." Mimi nasema kifupi, Dorota anampelekea kirefu, mpaka Gareth anatikisa kichwa kwa masikitiko. Gareth alikuwa anaongea kasi, maneno yake yamelowa, nadaka moja kati ya mengi. Nikakaa kimya kama sijui hata asante.

Mara moja kule jikoni Jagoda akapitiwa, akasema, "Mama, sahani ziko wapi?" Dorota akatazama mlango kwanza. Kisha akamminya mtoto mkono.

Nikaona. Nikageukia sufuria. Nikajiambia, subiri, Genowefa, jioni hii hii.

Mkesha wa Krismasi kwetu mlo unaanza nyota ya kwanza ikionekana. Czesława naye alikuwepo, kwa sababu hana mtu na huwa namwalika kila mwaka. Meza imetandikwa, supu nyekundu inafuka, samaki tayari. Jagoda akasoma Injili.

Lakini hakuna anayekaa. Kwanza kila mtu anachukua mkate wake mkavu, mwembamba kama hostia ya komunyo, na anakwenda kwa kila aliyemo chumbani, mmoja baada ya mwingine. Unavunja kipande cha kwake, naye anavunja cha kwako. Unamtakia mema, mnasameheana, mnahamia kwa mwingine. Mpaka watu wote wavunjiane ndipo kijiko kinashikwa. Hakuna mtu wa kusimama katikati ya wawili, kwa maana naye ana wa kwake wa kumtakia.

Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri tangu Pasaka.

Najua si mahali pa kumsema mtu. Nilijua hivyo hata wakati ule. Ila mahali pengine popote Dorota angekuwa katikati yetu.

Gareth akanijia, mkate mkononi, anatabasamu. Dorota akataka kumfuata. Czesława akamdaka kiwiko.

Czesława akikutakia afya, hakutakii kwa jumla. Anaanza na macho, anashuka kiungo kwa kiungo. Nikamsikia yuko kwenye mapafu.

Nikavunja kipande cha mkate wa Gareth. Nikamtazama usoni.

"Gareth, nakutakia afya. Sasa nisikilize."

Tabasamu lake likabaki palepale, ila macho yakashtuka.

"Umemtelekeza mtoto, na si kwa bahati mbaya. Kwa kudhamiria. Umemlazimisha mwanamke amkane mwanawe wa kumzaa, na ukaja nyumbani kwangu na rangi. Huo ni ukatili wa mtu mwenye akili timamu. Hauna utetezi mbele ya watu, na mbele ya Mungu hauna kabisa."

Kila neno lilitoka. Ulimi ukaenda katikati ya meno pale ulipotakiwa kwenda. Sikuwahi kusema kitu chochote vizuri kiasi kile, kwa lugha yoyote.

Gareth akaniangalia mdomo wazi. Nikafurahi. Nikasema moyoni, imekuingia.

Kisha akauliza polepole, kwa sauti ya mtu anayemwongelesha aliyesimama ukingoni mwa genge.

"Mtoto gani?"

"Usinichezee. Huyo hapo." Nikamwonyesha Jagoda kwa mkate.

Akageuka, akamtazama Jagoda, akanirudia mimi.

"Jagoda ni mwanao wewe," akasema. "Kitindamimba wako. Mdogo wake Dorota."

Mkate ulinivunjikia mkononi.

Maneno yangu yote mazito yalipotea. Mafungu yote, punje zote. Nikabaki na yale ya kabati la jikoni, yale ya somo la kwanza kabisa.

"Nani kakwambia?"

Alimtazama mke wake tu.

Akaniambia kwa taratibu sana, ili nidake, kwamba kila mwaka alikuwa akimwomba Dorota wamlete mdogo wake kwao likizo. Na kila mwaka Dorota alimjibu kwamba mama hataki. Mama amemng'ang'ania mtoto wake wa mwisho, na mama hampendi Gareth kwa sababu hakupata mahari ya kujivunia mbele ya majirani.

Mahari. Sisi hapa hatujui hata hiyo mahari ni kitu gani.

Nilipata hasira ambayo sikuwa nimejifunzia neno.

Dorota alikuwa keshajinasua, kaja. "Mama, umemwambia nini?"

"Nimemwambia Jagoda ni wa nani."

Uso wake ukawa mweupe kama kitambaa cha meza. Gareth akamuuliza neno moja tu, "Kweli?", na Dorota hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, kwa lugha yetu.

"Nilikuwa nimeshaanza maisha, mama."

"Na huyu hajaanza?"

"Ningemwambia mwenyewe."

"Lini? Akishaolewa?"

"Si ungejifunza Kiingereza cha kuombea chai kama wazee wenzako. Nani alikutuma?"

"Wewe ndiye uliyenituma," nikamwambia. "Kila uliponililia kwenye simu, ulinituma."

Czesława, ambaye alikuwa bado hajafika kwenye ini, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Nikamgeukia Jagoda. Nilikuwa nimemsahau, Mungu anisamehe. Alikuwa kasimama karibu na jiko, mkate kaushika kwa mikono miwili, na alikuwa amesikia yote yaliyosemwa kwa lugha yetu.

Gareth akamwendea. Akapiga magoti kabisa, mtu mrefu vile, akavunja kipande cha mkate wa mtoto na kumpa wa kwake avunje. Akasema jambo. Jagoda akanitazama mimi nimtafsirie.

Nikatafsiri bila kuongeza na bila kupunguza.

"Anasema hakujua. Anasema angejua angekuja zamani."

Jagoda akafikiri.

"Mwambie sawa," akasema. "Mwambie na rangi asante."

Nikamwambia.

Sasa wewe unayesoma, kabla sijamalizia, naomba unisikilize, hasa kama unalea mtoto wa mtu aliye mbali.

Hasira yangu haikuwa mbaya. Ilikuwa ya haki, ilikosea mlango tu. Na ilikosea kwa sababu nilimwachia mtu mmoja awe mdomo wa pande mbili. Akinijia mimi anasema mume hataki, akienda kwa mume anasema mama hataki, na katikati pale kuna mtoto anapanga begi. Nilikesha na maneno ya kulaumia, maneno makubwa makubwa ya mahakama, na sikuwahi kujifunza kuuliza. Ningemuuliza Gareth swali moja jepesi, kama yale ya siku ya kwanza kwa Walenty, angeniokoa zamani.

Kwa hiyo ukiambiwa fulani anakuchukia, mtafute fulani mwenyewe. Kama hamsikilizani lugha, jifunze hata kwa kuungaunga. Usikubali kuletewa moyo wa mtu ukiwa umeshafungwa kwa karatasi ya mwingine. Na aliyeko mbali ukimpenda, bado muulize. Mwanao pia ni mtu, na mtu anaweza kukudanganya huku analia machozi ya kweli.

Nimeungama kwa padri kwamba nilimsema mtu wakati wa mkate. Akanipa malipizi. Neno lenyewe sijalijutia, nimejutia aliyelipata.

Basi, pale chumbani ilikuwa imebaki jozi moja.

Wote tulikuwa tumeshavunjiana, hata mimi na Dorota, maana nilimwendea, nikavunja kipande cha kwake, nikamtakia ujasiri. Sikuweza kumtakia kingine. Supu ilikuwa imeacha kufuka. Hakuna aliyekaa, maana haikaliwi mpaka wote.

Ilibaki Dorota na Jagoda.

Tukasubiri. Gareth alikuwa kasimama karibu na jiko. Dorota alikuwa anamtazama yeye, anatafuta kitu usoni mwake, hamtazami mtoto.

Jagoda ndiye aliyevuka chumba. Akasimama mbele yake, akamnyooshea mkate.

"Krismasi njema, mama," akasema, kwa sauti, na neno lile la mwisho hata Gareth hakuhitaji kutafsiriwa.

Dorota akauangalia ule mkate. Mkono wake ukainuka kidogo, nikaona, naapa niliona.

Kisha akaweka mkate wake pembeni mwa sahani, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. Akachukua koti lake msumarini, akafungua mlango, akatoka.